Shimo Nililolifukia

Watu wa kwetu hawapandi mlima bila sababu. Unapanda kwa kuwa ng'ombe wako juu, au msiba uko juu, au wenye bunduki wako chini. Kwa hiyo nilipowaambia waumini wenzangu hapa Buffalo kwamba Jumamosi nitaendesha gari kwa muda wa karibu saa sita, nipande mlima wenye theluji kwa miguu yangu, nishuke, kisha nirudi nyumbani mikono mitupu, mama mmoja wa kwaya alinishika paji la uso kuangalia kama nina homa. "Milima tuliikimbia," alisema. "Wewe unachoma mafuta kuifuata?"

Nilipenda tu, na mtu anayependa kitu haambiliki.

Mimi na kaka yangu mkubwa tulifikia Louisville, moja kwa moja kutoka kambi ya wakimbizi, mimi nikiwa bado wa kwenda shule na yeye tayari mtu mzima mwenye mke. Wazazi walishabaki nyuma ardhini. Theluji ya Louisville ni ya kutania. Inaanguka asubuhi, watu wanakimbilia dukani kumaliza mikate yote, saa sita mchana imekuwa maji. Kaka alinisainia karatasi za shule, akaninyoa nywele, akanichapa mara moja nilipostahili na mara moja nisipostahili. Kazi ya ghala ilipompeleka Columbus, nilihama naye tukakaa Whitehall kwenye nyumba za kupanga, hadi ndoa iliponivuta huku Buffalo kwa ndugu za mke wangu. Huku theluji haina utani. Inakuja kutoka ziwani ukiitazama, inafunga mlango.

Nilipata kazi kwenye kiwanda cha madirisha, na huko ndiko nilikokutana na fundi. Simtaji jina, angenichukia. Ni mzungu aliyeshapita miaka sitini, mtengenezaji wa mashine kwenye zamu yetu, mtu wa maneno machache. Siku moja wakati wa mapumziko alinikuta nje ninachoma theluji kwa mpini wa ufagio. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nashangaa kwamba ukuta wa magharibi hauna kitu, na wa mashariki umejaa hadi kwenye madirisha, tena theluji yake ni ngumu. "Upepo umeiiba kule ukaja kuificha huku," nilisema. Akasema amefanya kazi hapo na watu waliozaliwa ndani ya theluji ambao hawajawahi kuliona hilo. Wiki iliyofuata aliniletea viatu vilivyotumika vya skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, vikanitosha nilipovaa soksi mbili.

Skii anazopenda yeye si zile za kupandishwa kwa lifti. Chini ya skii unabandika ngozi zenye manyoya yanayolala upande mmoja, yanakuzuia kurudi nyuma, na unapanda polepole msituni kama mtu anayetembea na slipa. Juu unazibandua, unashuka. Kupanda ni saa tatu, kushuka ni dakika chache. Nilipomweleza mke wangu hesabu hiyo aliomba nisiirudie mbele ya watoto.

Lakini kilichonikamata zaidi ni kusoma theluji. Fundi alinifundisha misimu miwili ya baridi, bila haraka, kwa vidole. Theluji iliyoanguka kwa utulivu ni rafiki. Theluji iliyohamishwa na upepo ni ya kuhojiwa. Upepo unaifagia upande unaoupiga, unaivusha ukingo wa juu, unaipanga upande wa pili, na huko inakuwa bamba gumu juu ya kitu laini, kama mkate ulioungua juu na ndani bado unga. Unaweza kusimama juu yake. Unaweza hata kucheza. Halafu mtu mmoja anakanyaga pasipotakiwa na bamba lote linakatika na kushuka naye. Alinionyesha vijimawimbi vinavyobaki usoni mwa theluji baada ya upepo. Alinionyesha kusukuma fimbo ndani taratibu na kusikiliza mkono: ngumu, ngumu, kisha fimbo inazama ghafla. Nikijua hivyo, nimejua mengi.

Na pale ambapo fimbo haitoshi, tunachimba. Unachimba shimo la kufika kifuani, unakata mnara wa theluji ukutani mwake, unaweka koleo juu, unapiga. Mapigo kumi kwa kiganja, kutoka kwenye kifundo cha mkono. Kumi kutoka kwenye kiwiko. Kumi kutoka begani. Unahesabu kwa sauti. Kanuni ya fundi ilikuwa nyepesi: mnara ukikatika kabla hujafika mapigo ya bega, na kipande kikateleza safi kama droo inayovutwa, tunarudi nyumbani.

Kulikuwa na kanuni nyingine, na hiyo aliisema kila mara kabla hatujafunga milango ya gari. Yeyote kati yetu akisema hapana, wote tunarudi. Haulizwi sababu. Hata awe mgeni wa siku moja. Mara nyingi tulirudi, tukala mikate yetu ndani ya gari huku madirisha yakifanya ukungu, na hakuna aliyenuna. Mwanzoni nilidhani ni kanuni rahisi kuliko zote.

Mwezi wa pili, kaka alikuja kutoka Columbus kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wangu wa mwisho. Kwa muda mrefu nilikuwa nimejisifu kwenye simu kuhusu milima yangu, nikimtumia picha, na kosa la kwanza liko hapo, kwenye kujisifu. Alisema anataka kuiona hiyo milima kabla ya kurudi. Fundi akakubali bila kusita. Tukamkodia kaka vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, maana skii hajui, na tukaondoka alfajiri. Kaka alikaa mbele na fundi, kama umri wake unavyotaka, nami nikakaa nyuma nikitafsiri. Njia nzima walizungumza kuhusu ng'ombe. Fundi alitaka kujua jinsi unavyomtambua ng'ombe wako kati ya mia, na kaka akamwelezea kila pembe ya kila ng'ombe aliyepotea. Sijawahi kumwona akicheka vile na mtu asiye wa kwetu. Nilikaa pale nyuma nimejaa furaha ya kitoto.

Sasa inabidi nieleze jambo ambalo wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Mkubwa wako akishatamka, neno limekwisha, hasa kama mgeni yupo. Ukiona amekosea unamwendea baadaye, mkiwa wawili, kwa sauti ya chini: "Yaya," yaani mkubwa wangu, "nilikuwa nawaza kidogo." Kumkatalia mbele ya mtu wa nje ni kumvua nguo sokoni. Na huyu hakuwa kaka tu, alikuwa baba na mama yangu. Nimefikisha umri huu sijawahi kumwambia hapana mbele ya mtu.

Tulipanda msituni vizuri. Upepo wa magharibi ulikuwa umevuma usiku kucha, na fundi alikuwa akitazama vilele vya miti. Tulipokaribia mwisho wa miti, goti lake lilianza kumsumbua na ngozi ya skii moja ikabanduka. Akatuambia tutangulie. Mbele yetu palikuwa na mteremko mtupu, upana wake kama uwanja wa mpira, tuliotakiwa kuukata ili kufikia mgongo wa mlima. Ulielekea mashariki. "Wewe ndiye macho yetu leo," fundi aliniambia, akiwa amepiga goti na gundi mkononi. "Chimba pembeni kwenye miti. Nikifika utaniambia."

Hakuna aliyewahi kunipa heshima kubwa kuliko ile, na naandika hili nikiona aibu.

Nilijua kabla sijachimba. Uso wa theluji ulikuwa na vijimawimbi, na juu kabisa ukingo ulikuwa umening'inia kama paa lililozidi ukuta. Fimbo yangu ilipita ngumu, kisha ikazama. Palikuwa na alama za skii za watu wawili waliovuka kabla yetu, lakini zilikuwa zimejaa nusu, maana yake walipita kwanza na upepo ukaja nyuma yao. Nikachimba. Nikakata mnara. Kiganja, nikihesabu kwa sauti: moja hadi kumi, mnara haukutikisika. Nikainua kiwiko, nikapiga mara moja. Kipande kizima cha juu kilitoka na kunijia kifuani, chini yake pakiwa tambarare kama meza.

Kumi na moja.

Nilibaki nimekishika kile kipande kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Kaka alikuwa amesimama juu yangu, mikono kwapani, baridi imemkaza uso.

"Bon, mudogo wangu, umemaliza kuchimba? Unatafuta maji?"

"Yaya, naangalia kama theluji iko nguvu."

"Iko nguvu. Ona, batu balipita hapa. Kwetu ng'ombe akipita, mutu anapita. Donc, twende, baridi inaniua."

Ni kweli, kwetu ilikuwa hivyo. Kwenye milima yetu, baada ya mvua kubwa, hakuna aliyekanyaga ubavu wa kilima mpaka ng'ombe mzito atangulie. Alipopita yeye, pameshapimwa. Kaka alikua kwa kanuni hiyo na ikamfikisha uzee salama. Theluji haifuati kanuni hiyo. Inaweza kubeba wa kwanza na wa pili ikamwangusha wa tatu. Nililijua hilo. Sentensi nzima ilikuwa tayari kichwani mwangu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Nikasikia skii za fundi zikija nyuma kwenye miti. Nikafanya jambo ambalo bado mikono yangu inalikumbuka: nikachukua koleo nikalifukia lile shimo haraka haraka. Ni kweli kwamba shimo hufukiwa siku zote, mwingine asije kutumbukia. Lakini hufukiwa baada ya wote kuliona.

Fundi alisimama hatua kama thelathini chini yetu, akihema. Akapaza sauti: "Vipi?"

Kaka alinitazama. Fundi alinitazama. Nikainua kidole gumba nikasema, "Sawa."

Tulivuka mmoja mmoja, kama kanuni ya theluji inavyotaka, ikikatika isichukue wote. Kaka akatangulia kwa haki ya ukubwa wake, akifuata zile alama za zamani, na nilihesabu kila hatua yake huku nikimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Akafika. Nikapita mimi, nikafika. Niliposimama kwenye miti ya ng'ambo nilianza kujidanganya kwamba kipimo changu kilikosea, kwamba labda nilipiga kwa nguvu mno. Nilikuwa hata nimetabasamu. Fundi akaingia. Kwa ajili ya goti lake alipita chini kidogo ya alama zetu, asije kupanda sana. Alipofika katikati nilisikia sauti, si kubwa, kama godoro linaloangushwa sakafuni chumba cha pili. Ufa ukakimbia juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mteremko wote ukaondoka.

Haukumpeleka mbali. Ulimbwaga kwenye miti ya chini, akazikwa hadi kifuani, uso nje. Tulimfikia upesi. Kaka, ambaye hakuwa na koleo, alichimba kwa mikono hadi glovu zikachanika, akavua koti lake akamfunika nalo, akakaa nyuma yake akimwegemeza kifuani kama unavyomwegemeza mgonjwa wa nyumbani. Mguu wa fundi ulikuwa umevunjika juu na chini ya goti, na hilo goti lenyewe sitalielezea. Niliwapigia simu waokoaji, wakaja na machela ya kuvuta, jua likiwa limeshalala upande wa pili. Muda wote ule fundi alisema jambo moja tu kunihusu. Alisema: "Hukukosea. Upepo hauna adabu." Alikuwa ananifariji.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, guu likavunjika la mtu mwingine.

Alifanyiwa upasuaji mara tatu. Kiwandani hakurudi. Anatembea na fimbo, na daktari alishamwambia habari ya skii aisahau. Ni mtu anayeishi peke yake. Alikuwa akisubiri majira ya baridi kama wengine wanavyosubiri wajukuu. Jumamosi naenda kumwondolea theluji mlangoni na kumpelekea chapati za mke wangu, naye ananishukuru. Kila shukrani yake iliniingia kama kibanzi. Nilijiambia nitamwambia akipona kidogo, halafu akipona kabisa, halafu nikaanza kujiambia kwamba kumwambia kutamuumiza bure. Mwoga hakosi huruma ya kujificha nyuma yake.

Kilichonitoa mafichoni ni ushuhuda. Nilikwenda Columbus kumtembelea kaka, tukapita kwanza Morse Road kununua unga na samaki wakavu, na Jumapili tukaenda kanisani kwake. Wakati wa shuhuda akasimama. Watoto wake, walioketi karibu nami, walinong'onezana kwa Kiingereza kwamba baba anaanza tena ile hadithi.

"Bandugu, Bwana asifiwe!" Kanisa likaitika. "Tulikuwa batatu kwa mulima. Theluji ikaanguka yote. Mimi sijue theluji hata kidogo. Lakini mudogo wangu, huyu hapa, alichimba, akapima, akasema iko sawa. Mi nilifuata yeye. Theluji ikaanguka, na bote tuko bazima! Mungu alimupa macho."

Watu walipiga makofi wakinigeukia. Mama mmoja alinipiga begani kwa upendo. Nami nikapiga makofi pamoja nao, nikijipigia mwenyewe, na katikati ya makofi yale nikaelewa alichokuwa amesema. Mi nilifuata yeye. Nilikuwa nimemfunika kaka yangu kwa uongo ambao yeye hakuuomba. Kwake, "twende" ilikuwa baridi tu na kukosa subira. Uamuzi alikuwa ameniachia mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta fundi jikoni, mguu juu ya kiti, anamenya viazi. Sikuvua hata koti. Nilimwambia yote kwa mfululizo: fimbo iliyozama, alama zilizojaa nusu, mnara, shimo nililolifukia aliposikika anakuja. Kisu chake kikasimama.

"Mapigo mangapi?"

"Kumi na moja."

"Iliteleza safi?"

"Safi."

Alirudia kumenya. Ganda la kiazi lilikuwa linatoka refu bila kukatika. Aliniuliza kwa nini, nami nikamweleza habari ya yaya, ya mkubwa na neno lake, ya kutomvua mtu nguo mbele ya mgeni. Nilieleza muda mrefu, na nilijisikia nikieleza vizuri, kama wakili. Alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa naihitaji.

"Kaka yako anajua Kiingereza kiasi gani?" aliuliza.

"Cha kazini. Salamu, namba, saa ya kula."

"Kama angesikia kumi na moja, angejua ni mbaya?"

"Asingejua."

"Mimi nilikuwa najua." Aliweka kiazi kwenye maji. "Ungenipigia kelele ile namba tu. Ningesema goti langu limegoma, jamani turudi. Kaka yako angeshuka mlima ananionea huruma mimi."

Nilivuta kiti nikakaa. Ilikuwa namba moja tu, tena nilikuwa nimeshaihesabu kwa sauti.